Wiki ya matembezi Scilly: ratiba ilikufa siku ya pili

Siku ya pili nilivaa na kuvua koti la mvua mara 9. Nilihesabu, maana kufikia mara ya nne nilishaanza kuhisi kuna mtu ananichezea. Jua, manyunyu, jua, mvua ya ubavu inayosukumwa na upepo mpaka inaingia sikioni, halafu jua tena, na mvuke unatutoka mabegani kama mashati yaliyotoka kupigwa pasi. Na hapo hatujazunguka hata nusu ya kisiwa.

Naandika kwa anayefikiria kununua safari ya namna hii: wiki nzima, kikundi, mwongozaji, malazi na boti, vyote ndani ya bei moja. Sisi tulikuwa 14, wengi wetu tumetembea pamoja kwa miaka, kuanzia vijana wa thelathini na kitu hadi bibi mmoja wa miaka 74 ambaye muda mwingi tulikuwa tunautazama mgongo wake. Tulikwenda mwanzoni mwa Mei. Kampuni siitaji, kwa sababu nina mawili matatu ya kuilaumu.

Kwa asiyevijua, Scilly ni visiwa vilivyo baharini kilomita 45 hivi kutoka Land's End, ile ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Vinavyokaliwa ni 5. Kikubwa kuliko vyote, St Mary's, unakizunguka kwa miguu ukifuata pwani na kurudi ulikoanzia siku hiyohiyo, kilomita 15 na ushei. Mlima hakuna, hata penye mwinuko kuliko pote hapafiki mita 60. Ukisoma hivyo kwenye tangazo unasema, ah, hii ni ya kunyoosha miguu tu. Mimi nilisema hivyo. Nilichosahau ni kwamba pasipo na mlima hapana pa kujikinga. Upande wa magharibi ni maji matupu hadi Amerika, na mvua nyingi zinazozaliwa Atlantiki zinapita hapo kwanza kabla ya kugusa bara.

Safari yenyewe ya kufika ni mtihani mdogo. Meli kutoka Penzance, bandari ya upande wa bara, huchukua saa tatu kasoro robo. Meli za njia hiyo hazizami kina kirefu, ziweze kuingia bandari ya St Mary's, na chombo cha namna hiyo bahari ikichafuka hucheza ngoma. Wenzetu wawili walijiona wajanja wakakata tiketi za ndege. Asubuhi hiyo ukungu ukashuka, ndege hazikuruka, wakahamishiwa kwenye meli ileile wakatapika pamoja na sisi. Kunywa kidonge cha kichefuchefu kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kujisikia vibaya, na ukae chini, katikati ya meli.

Huo ukungu ulinishangaza, kwa sababu nilikuwa nadhani upepo hufukuza ukungu. Pale haufukuzi. Mwezi Mei bahari bado ina baridi ya majira yaliyopita, na hewa ya vuguvugu yenye unyevu ikija kutoka kusini na kupita juu yake, unyevu unagandamana kuwa ukungu palepale. Kwa hiyo unaweza kupata upepo na ukungu kwa pamoja, na baada ya saa moja ukapata anga la buluu lisilo na doa.

Sasa ratiba. Tulitumiwa karatasi nzuri yenye picha: Jumapili St Mary's, Jumatatu St Agnes, Jumanne Tresco, na kuendelea, kila siku na saa zake za boti. Usiku wa kwanza, baada ya chakula, mwongozaji wetu, mama mmoja wa makamo asiyeinua sauti, aliikunja nakala yake akaiweka chini ya kikombe chake cha chai. Akasema, "Aliyeandika hii hakutazama maji." Kisha akatandaza mezani jedwali la kupwa na kujaa, na pembeni yake utabiri wa mabaharia, akaanza kutupangia wiki upya.

Mwanzoni wengine walinuna. Mtu umelipia karatasi, unataka karatasi. Lakini boti za kati ya visiwa haziendi kwa kalenda ya kampuni. Safari za siku huandikwa kwenye mbao pale gatini Hugh Town, mji wa St Mary's, na saa hubadilika kwa sababu maji hubadilika. Tresco kwa mfano ina gati zaidi ya moja: maji yakiwa yamejaa boti inakushusha New Grimsby, yakiwa yamekupwa inakushusha Carn Near, kusini kabisa mwa kisiwa. Unaweza ukashukia moja na kupandia nyingine, na asiyeuliza anabaki gatini akiitazama boti yake ikiondoka upande wa pili. Karatasi yetu ilikuwa imeandika "gati ya Tresco", basi.

Siku iliyonifanya niandike hapa ni ya St Agnes. Karatasi ilisema Jumatatu, mwongozaji akaipeleka Jumatano, na sababu yake ni hii. Pembeni ya St Agnes kuna kisiwa kidogo kinaitwa Gugh, na kati yake ni ukanda wa mchanga unaofunikwa maji yakijaa na kufunguka yakikupwa. Katikati ya wiki ile ilikuwa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na pande zile siku za bamvua maji hukupwa kabisa karibu na adhuhuri. Maana yake tungevuka kwa miguu mchana kweupe, tukiwa na nafasi ya kutosha kwenda na kurudi. Jumatatu tungeukuta mchanga umefunikwa wakati ule ambao karatasi ilitutaka tuwe juu yake.

Tukavuka. Mchanga mweupe, maji huku na huku, jua linawaka. Tulipofika kwenye Old Man of Gugh, jiwe refu lililosimamishwa na watu wa kale na ambalo sasa limeinama kama mzee anayetafuta kitu alichoangusha, mvua ya mawe ikatupiga. Watu 14 tukajipanga nyuma ya jiwe moja. Haiwezekani, lakini tulijaribu. Wa mbele alikuwa mkavu upande mmoja.

Baada ya hapo ndipo tulipofundishwa jambo ambalo, kwangu, lilikuwa na thamani kuliko chumba na kifungua kinywa. Tulirudi St Agnes tukashuka hadi Wingletang, uwanda wa kusini ambako vichaka vimechongwa na upepo mpaka vimelala mistari mistari kama mawimbi, kimo cha kifundo cha mguu. Kutoka huko, upande wa magharibi, unauona mnara wa taa wa Bishop Rock umesimama peke yake baharini, kilomita sita saba hivi. Mwongozaji akatuambia tusitazame mawingu, tutazame mnara. Mnara ukipotea, mvua imefika pale, na kwa upepo wa siku ile tuna kama dakika 10. Tukajaribu. Mnara ukafifia, ukafutika, tukafunga zipu bila haraka, tukaficha simu, dakika ya kumi na moja mvua ikatua. Ilipopita mnara ukarudi, tukavua. Mchana wote tulitembea hivyo, jicho moja njiani na jingine kwenye ile fimbo ya kijivu. Yule bibi akajipa cheo cha mlinzi, akawa anatangaza: "Umekwenda!" na baadaye, "Umerudi!"

Ukiujua mnara wenyewe ulipotoka unauheshimu zaidi. Wa kwanza ulijengwa kwa nguzo za chuma, wakiamini mawimbi yatapita katikati yake, na dhoruba ikauzoa mwaka 1850 kabla haujawashwa. Wa granaiti uliofuata uliwashwa mwaka 1858. Na miamba iliyouzunguka ndiyo iliyomeza meli nne za jeshi la majini la Uingereza usiku wa Oktoba 22, 1707, zikiwa zinarudi nyumbani na hazijui vizuri zilipo. Walikufa zaidi ya watu 1,400. Mwaka 1714 Bunge likatangaza zawadi kwa atakayepata njia ya kujua longitudo baharini, yaani meli iko mashariki au magharibi kiasi gani. Nilikuwa nimeyasoma hayo zamani kama historia tu. Ukiwa umesimama pale na jiwe la karibu limeshapotea kwenye mvua, unaelewa jinsi nahodha anavyopotea.

Tresco tulikwenda siku ya upepo mbaya, boti ilipokuwa bado inaruhusiwa kutoka asubuhi. Nilinung'unika, kwa sababu bustani ya Abbey niliiona kama kitu cha kuwatuliza wasiopenda kutembea. Nilikosea. Bustani ilianzishwa na Augustus Smith, aliyekodi visiwa hivi mwaka 1834, na jambo la kwanza analolijua mtu wa bustani pale ni kwamba bila kizuizi cha upepo hakuna mmea unaosimama. Wakazungushia miti mirefu, na ndani wakapanda mimea ya nchi za joto iliyo nje, hewani, mchana na usiku. Januari 1987 theluji na baridi viliua mimea mingi, na Januari 1990 dhoruba ikaangusha sehemu kubwa ya ile miti ya kinga, ikabidi waanze kupanda upya. Siku tuliyokwenda sisi, upepo tuliusikia ukipita juu ya vichwa kama lori la barabara ya jirani, na chini majani hayatikisiki. Tulitoka nje ya ule ukuta wa miti, kofia ya mtu ikaruka, hatukuiona tena.

Siku iliyofuata boti hazikutoka kabisa. Hapo kikundi kiligawanyika, na nadhani ni haki kusema si kila mtu alifurahi. Sita tulizunguka na mwongozaji kuta za ngome ya Garrison hadi Peninnis Head, ncha ya kusini ya St Mary's, ambako mawe ya granaiti yameliwa na hali ya hewa mpaka yana sura za wanyama, na tukarudi tumelowa hadi soksi. Wanane walibaki ndani wakicheza karata, na mmoja akaanza kuandika barua pepe ya kudai fedha zake. Nilimwambia upepo hauna ofisi.

Lakini yapo ambayo ofisi ipo na iyajibu. La kwanza: nyumba mbili tulizopangiwa hazikuwa na chumba cha kukaushia nguo. Kuuza matembezi ya wiki nzima kwenye visiwa vya Atlantiki bila mahali pa kukaushia viatu ni kama kuuza samaki bila barafu. Tulijaza magazeti ndani ya viatu, tukatundika makoti bafuni, na asubuhi tukavaa vitu baridi vyenye harufu ya mbwa. La pili: orodha yao ya mahitaji ilisema viatu vyepesi vinatosha kwa kuwa hakuna milima. Waliotii orodha walikuwa na miguu myevu kuanzia Jumapili, maana nyasi za asubuhi peke yake zinatosha kukulowesha. Nenda na viatu visivyopitisha maji na jozi ya pili ya kubadilisha. Suruali ya mvua iwe na zipu ndefu pembeni, uivae bila kuvua viatu. Mwavuli uache nyumbani. Niliuona mmoja tu, na haukuwa na umbo la mwavuli tena. La tatu: barua mbili nilizowaandikia kabla ya safari kuuliza kuhusu saa za maji hazikujibiwa, na sasa najua kwa nini.

St Martin's tulifunga nayo wiki, na sina mengi ya kusema kwa sababu hakuna lililoharibika. Jua kutwa nzima, upepo wa kukausha jasho tu, tukapanda hadi kwenye ule mnara wa kuwaelekeza mabaharia mchana, wa mwaka 1683, uliopakwa michirizi myekundu na myeupe, na pwani ya Cornwall ikaonekana kama mstari wa penseli. Koti halikutoka begini. Mchana mmoja wa namna hiyo baada ya siku tano za kupigwa na mvua ni mtamu kuliko wiki nzima ya jua, ingawa sitarajii kampuni iweke hilo kwenye tangazo.

Nyota ninatoa 4. Kama ningepima kampuni peke yake, 2, na hiyo ya pili ni kwa sababu mizigo yetu haikupotea. Mwongozaji 5. Anayeuliza kama safari ina thamani ya bei yake, mwambie aulize kwanza nani anaongoza, na kama huyo mtu ana ruhusa ya kuitupa ratiba. Wetu hakuomba ruhusa.

Tumeshaandikisha majina 11 kwa Septemba, kampuni ileile, kwa sharti moja tulilolipeleka kwa maandishi: awe yuleyule mama. Hawajajibu.