Kipimo cha HPV katika kliniki moja ya Tudor: huduma ya kusifiwa, majibu ya kuhuzunisha

Kliniki hii ndogo ya wanawake iliyoko Tudor, Mombasa, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa nina lalamiko dhidi yake, hutoa kipimo cha HPV, virusi vya kuambukizana kwa ngono vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, kwa njia inayomsitiri mwanamke: unajichukulia sampuli mwenyewe. Muuguzi hukukabidhi kijiti chenye pamba laini nchani, hukuonyesha kwenye mchoro kiasi cha kukiingiza na namna ya kukizungusha, kisha hukuacha peke yako nyuma ya mlango wenye komeo. Ukimaliza, unakitia ndani ya kichupa na kukifunga. Sampuli ya namna hii inakubaliwa na Shirika la Afya Duniani, kwa hivyo asidhani mtu kwamba ni kipimo cha mkato.

Maelezo ya awali yalitolewa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kipimo hiki hakitafuti saratani yenyewe, bali hutafuta aina za HPV zinazoweza kuileta. Katika aina zaidi ya 200 zinazojulikana, ni takriban 14 tu zinazohesabiwa kuwa hatari, na aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazosababisha karibu asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Kwa watu walio wengi, mwili huviondoa virusi wenyewe ndani ya miaka 2 hivi. Wanawake hushauriwa kuanza kupimwa wakiwa na miaka 30, na wanaoishi na virusi vya Ukimwi wakiwa na miaka 25.

Lalamiko langu ni namna majibu yalivyoletwa. Ujumbe wa simu ulisema: "HPV imepatikana. Fika kliniki." Basi. Mwanamke anayeyapokea maneno hayo akiwa katikati ya soko la Kongowea, au, mbaya zaidi, simu ikiwa mkononi mwa mumewe, ataelewa nini? Kwetu yalizuka maswali ya nani kamletea nani. Nilipofika, daktari alinieleza kwa subira jambo ambalo lingepaswa kutangulia ujumbe ule: virusi hivi vinaweza kukaa kimya mwilini kwa miaka mingi kabla ya kuonekana, hivyo majibu hayathibitishi uzinzi wa yeyote wala hayaonyeshi viliingia lini. Aina yangu haikuwa 16 wala 18. Alinipaka dawa ya siki kwenye mlango wa kizazi, hakuona weupe wa kutiliwa shaka, akanipangia tarehe ya kurudi.

Bwanangu, aliyekuja nami siku hiyo, alikuwa tayari na pesa akitaka naye apimwe. "Baba, pesa zako kaa nazo," muuguzi alimjibu. "Wanaume hatuwapimi hiki." Nalo ni jibu sahihi, kwani hakuna kipimo cha HPV kinachopendekezwa kwa mwanamume asiye na dalili, na kupima damu hakuonyeshi kama anavyo au la, ijapokuwa wanaume nao huambukizwa kwa wingi, huambukiza, na baadhi yao hupata saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa au ya koo. Aliulizwa tu kama ana chunjua sehemu za siri, ambazo aghalabu huletwa na aina ya 6 na ya 11, si zile za saratani. Kuhusu kondomu aliambiwa kwamba hupunguza hatari lakini haiimalizi, kwa sababu virusi hupita kwa mgusano wa ngozi, hata ile isiyofunikwa. Kwingine huenda angeuziwa kipimo kisichomfaa kitu.

Uaminifu huo ndio utakaonirudisha pale, nikiwa nimewaomba mapema wanipigie simu badala ya kuniandikia. Nilipouliza juu ya chanjo ya binti yetu wa miaka 10, ambayo wao wenyewe wanaiuza, walinielekeza kwenye kituo cha afya cha serikali, ambako wasichana wa umri wake wamekuwa wakichanjwa bila malipo tangu mwaka 2019.