Kamera ya kiwandani yenye FFC: uzoefu wangu kwenye laini ya vigae vyeupe

Kama unakagua kitu cheupe na bapa, ulizia FFC (flat-field correction, yaani kazi ya kusawazisha mwanga wa picha) kabla hujauliza kamera ina megapikseli ngapi. Mimi ninasimamia kamera ya ukaguzi kwenye kiwanda cha vigae mkoani Pwani. Kigae kikipita kwenye konveya, programu inapima weupe wa kila sehemu ili kunasa doa, mkwaruzo au mahali ambapo rangi ya juu haikushika. Picha ikiwa na kona zilizofifia, kila kigae kinaonekana kina madoa manne, vigae vizima vinatupwa, na lawama zinamwangukia fundi wa rangi ambaye hana kosa.

Kamera yetu ni ya nyeusi na nyeupe, megapikseli 5, sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya Sony IMX264, na inatuma picha kwa kebo ya mtandao. Kampuni nyingi zinauza kamera yenye sensa hiyohiyo, kwa hiyo nembo iliyobandikwa juu ya boksi naiacha. Ninachopima hapa ni kazi ya kusawazisha mwanga iliyomo ndani, ambayo kwenye menyu huandikwa FFC.

Kufifia kwa kona si ubovu wa kamera. Mwanga unaoingia kwenye lenzi kwa mshazari hupungua, na hupungua haraka. Sensa hii ina ulalo wa milimita 11, kona hadi kona. Ukiifungia lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 8, kwa hesabu ya kawaida kona inapata kama asilimia 46 tu ya mwanga wa katikati. Ya milimita 12 inafika 68, ya milimita 16 inafika 80. Sisi nafasi ya juu ya konveya ilitulazimisha kutumia ya milimita 12. Ongeza na taa za LED ambazo zenyewe hazimwagi mwanga sawasawa, ndipo ukakuta katikati inasoma 200 na kona inasoma 105 kwenye kipimo cha 0 hadi 255.

FFC inafanya kazi kwa picha mbili za rejea. Ya kwanza unaipiga lenzi ikiwa imefunikwa, ili kamera ijue kila pikseli inasoma nini kwenye giza. Ya pili unaipiga kwenye kitu cheupe kisichong'aa. Kutoka hapo kila pikseli inatolewa thamani yake ya giza, kisha inazidishwa kwa namba yake yenyewe mpaka ilingane na wastani. Hiyo picha ya giza usiiruke kwa kuona ni nyeusi tu. Kamera huwa inaongeza kiasi kidogo kwenye kila usomaji, na kisipotolewa kwanza nacho kitazidishwa, halafu kona zitapanda kupita kiasi.

Matokeo kwetu: kona zilipanda hadi 198, na kiwango cha kukataa kigae kikawa kimoja kwa uso mzima. Kwa hili peke yake fedha imelipa.

Ila picha nyeupe ndiyo roho ya kazi yote, na maelekezo yaliyokuja na kamera yanaipa mistari michache tu. Usitumie kigae. Kinang'aa, na mng'ao wa taa utahifadhiwa kama sehemu ya hesabu. Sisi tunatumia ubao wa akriliki mweupe wa maziwa, na kati ya picha na picha nausogeza kidogo ili kasoro zake zisikae pikseli moja. Kamera inachukua picha 16 na kutafuta wastani, jambo linaloshusha chenga (kupandapanda kwa usomaji wa pikseli bila mpangilio) hadi robo. Mwanga uweke kiasi kwamba sehemu angavu zaidi isigote 255. Pikseli iliyogota haina tena habari ya kusahihisha. Na taa ziache ziwake mpaka zipate joto lake la kawaida, kwa sababu LED baridi na LED ya moto hazitoi mwanga uleule.

Unaweza kupata huduma hii bure kwa OpenCV, maktaba ya programu za kuchakata picha, kwa mistari michache ya lugha ya Python. Nimeijaribu na inafanya kazi, lakini picha ilikuwa imeshafika kwenye kompyuta ikiwa ya biti 8, yaani ngazi 256 tu za mwanga, na kona zilipozidishwa histogramu yake (chati ya pikseli ngapi ziko kwenye kila ngazi) ikatoka na mapengo kama kitana kilichong'oka meno. Kamera yetu inapiga hesabu kwenye biti 12, yaani ngazi 4096, kabla ya kushusha hadi 8, kwa hiyo mapengo hayo hayapo. Hapo ndipo ninapoona thamani ya kulipia zaidi.

Chenga za kona, hata hivyo, hazitoki. Ukizidisha mwanga mara mbili, na chenga zinazidishwa mara mbili. Doa hafifu lililoko kona bado ni gumu kulinasa kuliko la katikati, na dawa yake iko nje ya kamera: sogeza taa, tumia lenzi ndefu kama nafasi ipo, funga tundu la lenzi kidogo. Fanya hayo kwanza, FFC imalizie kilichobaki.

Vumbi nalo ni suala zito kiwandani kwetu. Chembe iliyotulia kwenye sensa wakati wa rejea inasahihishwa vizuri kabisa. Ikihama, unapata pointi mbili: nyeusi ilipohamia, na nyeupe ilipokuwa. Ukiziona pamoja, safisha na upige rejea upya. Vilevile kila ukigusa tundu la lenzi, umbali au taa.

Kasoro inayonikera ni kwamba kamera hii inahifadhi seti moja tu ya rejea. Tunapobadilisha kutoka kigae kidogo kwenda kikubwa, kamera inapandishwa juu na lazima turudie kazi yote huku laini imesimama. Kabla hujalipa, muulize muuzaji seti ngapi zinakaa ndani, na kama zinabaki umeme ukikatika.