Michezo mingi au mmoja: The Price Is Right na Jeopardy!

The Price Is Right, kipindi cha mashindano cha televisheni ya Marekani, ilipoanza upya kwenye kituo cha CBS mwaka 1972 ilikuwa na michezo mitano ya kukisia bei. Leo ina zaidi ya 70, na kila kipindi cha saa nzima huchezwa sita. Kwa kuondoa uchovu wa kuona kitu kilekile, hapa inaishinda wazi Jeopardy!, shindano la maswali ya maarifa.

Gharama yake ni matunzo. Kila mchezo una vifaa vyake vya kuhifadhi na kukarabati, na mfumuko wa bei hauusamehe: magari yalipofikia bei ya tarakimu tano, michezo iliyobuniwa kwa tarakimu nne ilibidi irekebishwe. Mingine haidumu. Professor Price wa 1977 ulichezwa mara mbili tu, na sioni aliyeulilia. Plinko, wa 1983, bado unashangiliwa.

Jeopardy! ya tangu 1984 ina raundi zilezile tatu. Hubadilisha kanuni tu: thamani za maswali ziliongezwa maradufu 2001, na ukomo wa ushindi mara tano ukaondolewa 2003. Bila hilo mshindani Ken Jennings asingeshinda mara 74.

Ukitazama mara mojamoja, chagua ya kwanza. Ukipenda kufuatilia bingwa kila siku, ya pili itakukalia vizuri zaidi.