Mdahalo wa Milwaukee: nyota tatu, na moja ni ya mguu wa Burgum

Mimi si mchambuzi wa siasa. Ni mtu wa Tanga ninayetunza wazee huku Wisconsin, zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Mdahalo wa kwanza wa waliokuwa wanaomba tiketi ya chama cha Republican kugombea urais wa Marekani 2024, ule wa tarehe 23 Agosti 2023, niliutazama kwa sababu mzee wa chumba cha mwisho aligoma kumeza dawa mpaka uanze. Zamani alikuwa dereva wa lori la maziwa, na anasema anawapigia kura Republican tangu enzi za Nixon. Vifaa vyake vya masikio vilikuwa kwenye kikombe, kwa hiyo sauti ya runinga ilikuwa juu kiasi kwamba hata wa chumba cha tatu walisikiliza bila kupenda.

Bidhaa yenyewe ilikuwa hivi. Saa mbili kamili za matangazo, kuanzia saa mbili usiku kwa saa za huku, kutoka Fiserv Forum, ukumbi wa timu ya kikapu ya Milwaukee Bucks. Mwenyeji Fox News, waongozaji Bret Baier na Martha MacCallum. Kuingia kulikuwa na masharti: uwe na wachangiaji wasiopungua 40,000, uonekane kwenye tafiti za maoni, na utie saini ahadi ya kumuunga mkono atakayepitishwa na chama. Wakapatikana wanane.

Wa tisa, ambaye ndiye aliyefanya watu wawashe runinga, hakuja. Utafiti wa CBS wa siku zilezile ulimpa Trump asilimia 62, na aliyemfuata, Ron DeSantis, gavana wa Florida, 16. Kibiashara simlaumu hata kidogo. Mwenye duka ambalo foleni yake imefika barabarani hatoki kwenda kunadi sokoni. Alichofanya ni kurekodi mahojiano na mtangazaji Tucker Carlson, aliyeachana na Fox mwezi Aprili mwaka huohuo, yakarushwa kwenye mtandao wa X dakika chache kabla ya mdahalo. Huo si utoro, huo ni ushindani.

Mzee alijua fika kwamba Trump haji. Tulikuwa tumelizungumza tangu chakula cha jioni. Bado kila yalipoingia matangazo ya biashara aliniuliza, "Kaja?" Namjibu, "Hajaja." Anatikisa kichwa, ananyoosha mkono kuchukua bisi.

Sasa mazuri, maana yapo, na watu wengi walioponda mdahalo huu nadhani walikuwa wanasubiri fujo tu. Bila Trump jukwaani, watu walipata nafasi ya kumaliza sentensi. Nikki Haley, gavana wa zamani wa South Carolina, alisema wazi kwamba deni la taifa si la Democrats peke yao, akataja dola trilioni 8 zilizoongezeka wakati wa Trump. Mzee akasema, "Kweli." Ilipofika suala la utoaji mimba, Mike Pence, aliyekuwa makamu wa rais wa Trump, alitaka katazo la nchi nzima, Haley akamjibu kwa hesabu: Seneti inahitaji kura 60, hizo hatuna, basi tusiwadanganye Wamarekani. Pence akarudisha kwamba kutafuta maafikiano ni kinyume cha uongozi. Dakika zile chache ndizo ningekubali kuzilipia. Watu wawili wa chama kimoja wanapingana juu ya kitu kinachogusa maisha ya watu, na unaona kabisa nani amepiga hesabu na nani anahubiri. Kwetu kura za maoni ni kazi ya wajumbe, na tangu 2020 kila Mtanzania anajua kwamba wajumbe si watu. Huku angalau unawaona wagombea wakitoka jasho kabla hawajakatwa.

Vivek Ramaswamy, mfanyabiashara kijana wa miaka 38, ndiye aliyechapwa na kila mtu. Bosi hayupo, wakamgeukia shabiki wake namba moja. Chris Christie, gavana wa zamani wa New Jersey, alisema anaongea kama ChatGPT. Haley akamwambia hana uzoefu wa mambo ya nje na unaonekana. Ukumbi ulipiga kelele kama uwanja wa Mkwakwani siku ya Coastal na Simba, kengele ya muda ikilia bila anayeijali. Hapo waongozaji nawakata nyota nzima. Baier kuna wakati aligeuka akawaomba watazamaji watulie, na waliendelea kuzomea. Swali la vitu visivyojulikana vinavyoruka angani, alilotupiwa Christie, sijui nani aliliruhusu.

Mimi lakini, nikiri, kwa sehemu kubwa nilikuwa namtazama Doug Burgum, gavana wa North Dakota, aliyesimama pembeni kabisa. Siku moja kabla, alikuwa anacheza kikapu na watu wake akachanika kano ya kisigino, wakamkimbiza hospitali. Kesho yake huyo hapo, amesimama saa mbili. Ukifanya kazi yangu huangalii sura, unaangalia miguu. Kamera zilimwonyesha kuanzia kifuani kwenda juu, lakini mabega yanasema: yalikuwa yameegemea upande mmoja, mkono hauachi meza, na kila alipomaliza kujibu alikuwa anajisogeza kidogo kama anayetafuta pa kuweka uzito. Nilimwambia mzee, "Huyu angekuwa wangu ningeshamkalisha na kumpandisha mguu kwenye mto." Mzee akasema, "Huyo mwanaume." Kuanzia hapo Burgum kwake akawa "yule wa mguu". Huyu ndiye aliyekuwa anatoa kadi za zawadi za dola 20 kwa kila anayemchangia dola 1, ili tu afikishe wale wachangiaji 40,000. Amehangaika hivyo kuupata mlango, na akaingia kwa mguu mmoja. Nyota ya tatu ni yake, sina maelezo zaidi.

Saa moja ilipokatika ndipo Baier akamtaja asiyekuwepo. Swali lilikuwa la kunyoosha mkono: Trump akitiwa hatiani mahakamani, na akawa ndiye chaguo la chama, bado utamuunga mkono? Kesho yake Trump alikuwa anakwenda kujisalimisha jela ya Fulton, Georgia, kwa kesi ya kujaribu kupindua matokeo ya uchaguzi wa 2020, kwa hiyo halikuwa swali la kinadharia. Ramaswamy akapeleka mkono juu upesi. DeSantis akachungulia kushoto, akachungulia kulia, ndipo wake ukapanda. Haley juu, seneta Tim Scott juu, Pence juu, Burgum juu. Christie alitikisa kidole hewani, si mkono ulionyooshwa na si ulioshushwa. Asa Hutchinson, gavana wa zamani wa Arkansas, hakunyanyua.

Nilikuwa nimepiga magoti nafunga mkanda wa kiatu cha mzee. Nilipoinua kichwa nikakuta naye kanyoosha mkono, rimoti ikiwa juu, uso mkavu kabisa. Mapema jioni ileile alikuwa amemwitikia Haley "kweli". Nikampa kikombe cha dawa kwenye mkono uliobaki, akameza.

Niliendelea kuitazama iliyofuata kwa mazoea. Ule wa Septemba kule Simi Valley, California, ulikuwa kelele tupu, na Trump jioni ileile alikuwa kiwandani Michigan anahutubia. Miami wakabaki watano. Tuscaloosa, Alabama, Desemba, wanne, na huo ndio nilioupenda baada ya Milwaukee kwa sababu uchache ulisaidia. Januari walipofika Des Moines, Iowa, walikuwa wawili, Haley na DeSantis, wanaitana waongo, wakati Trump yupo jiji lilelile kwenye kipindi chake cha Fox. Siku tano baadaye Iowa, jimbo la kwanza kupiga kura za mchujo za chama, ikampa Trump asilimia 51.

Kama unauliza iwapo rekodi ya Milwaukee inafaa kutafutwa sasa: ndiyo, itafute. Ruka hotuba za mwisho. Tazama mabishano ya Haley na Pence, kisha ile mikono, ukijua kwamba mwaka uliofuata Trump alipitishwa na chama kwenye ukumbi uleule wa Fiserv Forum, na kwamba yule wa mguu leo ni waziri wake wa Interior, wizara ya ardhi ya umma na maliasili.

Mchujo wa Wisconsin ulikuwa tarehe 2 Aprili 2024. Kabla ya hapo maofisa wa uchaguzi walikuja kwetu na karatasi za kura, kama wanavyofanya kwenye nyumba za wazee, wakaweka meza ukumbini. Sisi wahudumu hatugusi karatasi wala hatusogei, kwa hiyo nilimsukuma mzee kwenye kiti chake hadi mezani, nikarudi mlangoni. Safari hii vifaa vya masikio alivaa. Nilimsikia akimuuliza yule mama wa uchaguzi, kwa sauti ile ile ya Agosti, kama yule wa mguu yumo kwenye orodha.

"Nani?"

"Gavana. Aliyesimama na mguu mbovu."

Hakuwemo. Mzee akavaa miwani, akaanza kusoma majina kutoka juu.