Almasi ya NV ya unga na ya kipande: ipi inafaa maabara ya Kisumu?

Mwalimu wa fizikia aliye Maseno, Njoro au Kakamega akitaka wanafunzi waone kihisi cha kwantamu kikifanya kazi mezani bila kupozwa kwa gesi ya kimiminika, almasi ya maabara yenye dosari ya NV ndiyo njia rahisi kuliko zote. Aina za kuagiza ni mbili. Kuna unga wa HPHT (almasi iliyotengenezwa kwa shinikizo kubwa na joto kali), chembe za maikromita chache hadi mia na zaidi, na kuna kipande cha CVD (almasi iliyokuzwa tabaka kwa tabaka kutoka kwenye gesi), kwa kawaida milimita 3 kwa 3 na unene wa nusu milimita. Bei ya kipande huwa juu kuliko ya unga. Kwa kufundishia, unga unatosha. Kwa kupima uga wa sumaku, usipoteze muda nao.

NV (nitrogen-vacancy) ni atomi ya naitrojeni iliyokaa mahali pa kaboni, na pembeni yake pana nafasi tupu. Ikiwa na chaji hasi, ukiimulika kwa leza ya kijani hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 600 hadi 800. Ongeza maikrowevu ya gigahezi 2.87 na mwanga huo hufifia, kwa asilimia chache tu. Kwenye grafu ya mwanga dhidi ya masafa ya maikrowevu, hilo linaonekana kama bonde. Leta sumaku, na bonde linagawanyika mawili: moja linapanda kilohezi 28 kwa kila maikrotesla (kipimo cha uga wa sumaku) iliyo kwenye mhimili wa NV, yaani mstari kutoka naitrojeni hadi nafasi tupu; jingine linashuka vivyo hivyo.

Miongozo mingi imeandikwa kwa maabara za Ulaya, na hapo wanunuzi wa kwetu hukwama. Uga wa dunia Kisumu ni takriban maikrotesla 33 au 34, ilhali Ujerumani unakaribia 50. Hata mhimili ukilala sawasawa na uga wetu, mabonde huachana kwa megahezi 1.9 tu. Naitrojeni-14, yaani naitrojeni ya kawaida, yenyewe hugawa kila bonde mara tatu, kwa hatua za megahezi 2.16. Kwenye unga, mkazo ulio ndani ya chembe huweza kuachanisha mabonde kwa megahezi kadhaa hata kabla ya sumaku kuletwa. Kwa hiyo anayetarajia kuusoma uga wa dunia kwa unga ataona bonde pana lisilobadilika, kisha alaumu antena ya maikrowevu.

Dawa yake ni sumaku ndogo ya niodimiamu inayotoa militesla moja hivi pale ilipo almasi. Zinazotolewa kwenye diski kuu za kompyuta zilizokufa zinafaa, na fundi wa jua kali anaweza kukuchongea kishikizi cha alumini. Usikubali cha chuma, maana kitaupinda uga wote. Hapa tofauti ya bidhaa hizi mbili inakuwa wazi. Kipande ni fuwele moja, chenye mihimili minne tu ya NV, hivyo mabonde hayazidi manane. Ukiielekeza sumaku kwenye mhimili mmojawapo, huo hupata uga wote na ile mitatu hupata theluthi: kwa militesla moja, mabonde yanakaa megahezi 28 na 9.3 kila upande wa katikati. Ni zoezi zuri sana kwa mwanafunzi, kwa sababu umbo la fuwele linasomeka moja kwa moja kwenye grafu. Unga, kwa upande wake, una chembe zinazotazama kila upande, na kwa sumaku hiyo hiyo mabonde yanatawanyika hadi yanapotea. Walio na unga wa maikromita 150 wachague chembe moja kubwa chini ya hadubini, waigandishe peke yake kwenye kioo. Kila chembe ni fuwele, na mara nyingi mabonde manane hujitokeza.

Usidanganywe na muuzaji anayesifu wingi wa naitrojeni. Naitrojeni isiyopata nafasi tupu ina elektroni isiyo na jozi inayosumbua spini (usumaku mdogo wa elektroni) za NV jirani. Ikifika sehemu 100 kwa milioni, upana wa bonde unazidi megahezi 3 na vile vijibonde vya naitrojeni-14 vinazama. Kipande chenye sehemu moja kwa milioni huvionyesha wazi, mradi nguvu ya maikrowevu isizidishwe. Kabla ya kulipa, uliza pia kama almasi imepigwa mionzi ya elektroni kisha ikapashwa joto la nyuzi 800 au zaidi katika ombwe. Mionzi huzalisha nafasi tupu, na joto huzisogeza hadi zikutane na naitrojeni. Unga wa manjano wa kusagia vyuma ni rahisi na una naitrojeni tele, lakini bila hatua hizo mbili hautawaka vya kutosha.

Joto la chumba lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Gigahezi 2.87 hushuka kilohezi 74 kwa kila nyuzi moja. Chumba kisicho na kiyoyozi kikipanda nyuzi 10 kutoka asubuhi hadi saa nane mchana, bonde husogea kilohezi 740, sawa na maikrotesla 26. Anayefuata bonde moja tu atafikiri ameona uga wa sumaku. Fuata yote mawili: yakisogea upande mmoja ni joto, yakiachana ni sumaku. Leza nayo huipasha almasi, kwa hiyo igandishe kwenye bamba la shaba kwa gundi nyembamba kabisa. Epoksi nyingi hung'aa nyekundu zikimulikwa kijani, vivyo hivyo karatasi nyeupe na mafuta ya vidole. Safisha kwa asetoni kisha kwa alkoholi.

Kwa vifaa vya pembeni, bodi ya ADF4351, inayozalisha maikrowevu, hufika gigahezi 4.4, lakini hutoa takriban milivati 3 tu, kwa hiyo nunua na amplifaya. Kwa kupokea mwanga, fotodaiodi ya BPW34 inatosha. Iweke ubavuni mwa kipande, nyuma ya kichujio kinachopitisha nanomita 650 kwenda juu, kwani mwanga mwingi hunaswa ndani ya almasi na kutokea kingoni. Epuka leza rahisi za kijani za nanomita 532: nyingi huvujisha infraredi ya 808 na 1064, ambayo kichujio chekundu huipitisha na BPW34 huiona vizuri. Daiodi ya leza ya nanomita 520 haina shida hiyo. Iendeshe kwa betri ya volti 12, si kwa stima ya ukutani, la sivyo mtikisiko wa hezi 50 na 100 utalifunika bonde. Miwani ya kuzuia kijani inunuliwe siku hiyo hiyo ya leza, kwa kila atakayekaa mezani.