Nakala ya ukutani ya ramani ya 1856: inunue, lakini chukua kubwa

Hamjambo watazamaji, karibuni. Leo nimetandaza hapa mezani nakala ya ramani ya Afrika Mashariki na Kati ya 1856, ile ya Erhardt na Rebmann, wamisionari Wajerumani waliokuwa pwani yetu. Nimeinunua shilingi 45,000. Ngoja niisogeze kwenye kamera.

Karatasi nzito, haing'ai, hata taa ikiwaka unasoma vizuri. Tatizo ni majina madogo madogo. Yametoka na ukungu, na kwangu majina ndiyo utamu wa ramani hii.

Sasa tazameni dubwana hili la katikati. Ziwa moja, refu, limejipinda kama konokono asiye na kombe. Erhardt hakufika huko. Alikaa Tanga akiwauliza watu wa misafara: mkienda bara mnaishia wapi? Wa njia ya Kilwa wakasema ziwani. Wa Ujiji, ziwani. Wa kaskazini, ziwani. Akayaunganisha yote yakawa ziwa moja! Jamani, wale wasafiri walisema kweli tupu: kuna Nyasa, kuna Tanganyika, kuna Nyanza, yaani Viktoria. Aliyekosea ni mshika kalamu.

Na hakuwa wa mwisho. Mwaka 1858 wavumbuzi Waingereza Burton na Speke, pamoja na Sidi Mubarak Bombay aliyesafiri nao, walipanda mitumbwi hadi Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, wakitafuta mto unaotoka Tanganyika kwenda Nile. Wana wa chifu Maruta wakawaambia waziwazi: mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Miaka michache baadaye Burton akageuka, akadai unatoka. Ubishi ukaendelea hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopelekwa kwa mtumbwi hadi mdomoni mwa Rusizi wakaona maji yanaingia. Miaka 13, na jibu wenyeji wa pale walishalitoa! Hili huniumiza kila nikilisoma.

Kwa hiyo, ununue? Mwalimu wa historia au jiografia, nunua bila kusita. Ila chukua saizi kubwa, hii yangu ndogo inameza majina. Jambo jingine, kikaratasi cha maelezo kinachokuja nayo kimewataja wamisionari wawili tu. Mimi nimekata kipande cha karatasi nikakibandika hapa chini, mnakiona: "Walioeleza njia: watu wa misafara ya Kilwa, Tanga na Ujiji." Ndivyo itakavyoning'inia ukutani kwangu.