Nimetembezwa maduka ya vitabu Nairobi kwa miguu, ngoja niwasimulie

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Arusha, na mwezi uliopita nilipanda basi la Namanga kwenda Nairobi kwenye shughuli ya kifamilia. Shughuli ikaisha Ijumaa, Jumamosi nzima sina pa kwenda, ndo shemeji akanionyesha kwenye simu yake kuna watu wanatembeza wageni kwenye maduka ya vitabu ya katikati ya mji, masaa matatu, shilingi 2,000 za kule. Nikalipa hapohapo.

Tulikuwa watu 7. Tulianzia Maktaba ya McMillan pale Banda Street, jirani na Msikiti wa Jamia, lile jengo lenye simba wawili wa mawe kwenye ngazi. Sio duka, ila nimeelewa kwa nini wanaanzia pale. Dada aliyekuwa anatuongoza alitueleza kwamba lilifunguliwa 1931, mama wa kizungu alilijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, na kwa miaka mingi Mwafrika alikuwa haruhusiwi kuingia kusoma, mpaka uhuru ulipokuwa unakaribia. Nilisimama kwenye zile ngazi nikawawaza watu waliokuwa wanapita pale kila siku kwenda msikitini au sokoni, vitabu viko humo ndani na hawavigusi. Iliniuma kweli.

Prestige ya Mtaa wa Mama Ngina tukaingia, ni duka la siku nyingi, limejaa vitabu mpaka juu, unauliza kitu muuzaji anakwenda moja kwa moja kwenye rafu. Ila lililonikaa moyoni ni Nuria, pale Moi Avenue, maana hawa wamewapa nafasi waandishi wa Kenya wanaojichapishia wenyewe, yaani mtu kaandika, kalipa mwenyewe kiwanda cha uchapaji, anakuja na boksi lake wanamuuzia. Nilinunua viwili pale. Sisi huku tuna waandishi wangapi wanatembea na vitabu vyao kwenye mkoba kwa kukosa mlango kama ule?

Sasa twende kwenye inama bookshop. Ndo jina lake jamani, Wanairobi wanawaita hivyo wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza chini pembeni ya barabara, kwa sababu lazima uinamishe mgongo ndo uchague. Tulikwenda upande wa Mtaa wa Tom Mboya, kelele za makanga, yaani makonda wa kule, mikokoteni, watu wanakupita begani. Nikamuuliza kaka mmoja kama ana riwaya za zamani za Kiswahili. Akaniangalia, akasema "Madam wewe ni wa Tanzania, hiyo Kiswahili si ya huku", akainuka, akafungua gunia lililokuwa nyuma yake. Mule nikatoa riwaya imechapwa Dar na Tanzania Publishing House miaka ya 70, jalada limechoka, ndani ina muhuri wa maktaba ya shule moja ya huku huku kwetu. Imevuka mpaka lini, kwa mkono wa nani, hata yeye hajui. Alianza na 300 tukamalizana 200. Nilikuwa natetemeka mikono.

Na hapo ndo penye malalamiko yangu. Dada anaujua mji, anaongea vizuri, hana haraka na maswali, lakini kwa wale wa inama alitupa dakika 15 tu kisha tukaenda kukaa mgahawani karibu dakika 40 kunywa kahawa. Vitabu vya chini havina mpangilio, lazima ufukue, dakika 15 unakuwa hujamaliza hata tandiko moja! Kahawa mtu atakunywa siku yoyote. Nilimwambia mwishoni, akaandika kwenye daftari lake, nikafurahi.

Ukienda vaa viatu vya chini, beba noti ndogondogo, na simu weka mbele.

Jumatatu nilikwenda na ile riwaya darasani, wanafunzi wakapokezana kuusoma ule muhuri, mmoja akaniuliza "Mwalimu, tukirudishe?" Shule yenyewe ipo bado, nimeshapata namba ya mwalimu mkuu. Nikimaliza kukisoma nampigia.